Mitchells & Butlers ni ya nani, na mbona ina jina la kiwanda cha bia?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Niko Birmingham mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi jikoni Toby Carvery. Mlangoni imeandikwa Toby ila slipu ya mshahara inasema Mitchells & Butlers. Rafiki yangu yuko Harvester, slipu yake ni hivohivo, na mwingine yuko All Bar One mjini, naye hivohivo. Kuna mzee mteja wetu ananiambia hao walikua wapika bia, kiwanda kilikua Smethwick. Mimi bia sinywi wala mambo yake siyajui, nataka tu kuelewa hii kampuni ni ya nani, imetokea wapi, na nikisikia siku moja imeuzwa, mimi nakua wa nani?"

Marahaba mdogo wangu, hongera na kazi, jikoni Jumapili mchana kwenye Toby sio mchezo. Swali lako nimelipenda sana, maana watu wanakaa kwenye kampuni miaka kumi hawajawahi kujiuliza nani mwenye nyumba. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hii habari ukiikata katikati haieleweki, ila kabla sijaanza shika kitu kimoja: bia ilikuja ikaondoka, mahoteli yalikuja yakaondoka, kilichobaki muda wote ni viwanja na majengo. Karibu kila aliyeitolea macho hiyo kampuni miaka hii 30 alikua anaangalia ardhi iliyo chini ya jiko lako. Ukilishika hilo, mengine yote yanajipanga.

Mzee wako hajakosea hata kidogo. Henry Mitchell alikua na kiwanda cha bia Cape Hill, Smethwick, kilifunguliwa 1879, na William Butler alikua na cha kwake Broad Street pale Birmingham. Mwaka 1898 wakaunganisha, jina likawa Mitchells & Butlers, na Cape Hill ikawa ndio makao. Kilikua kijiji kizima kile, kina reli yake ya ndani na kikosi chake cha zimamoto. Mimi nilifika Birmingham 2001 kusoma uhasibu, nilikua napanda basi la kwenda Bearwood, likifika Cape Hill inaingia harufu dirishani nzito, tamu kidogo, kama uji wa ulezi ukianza kushika chini ya sufuria. Mwanzoni sikujua ni nini, mama mmoja wa Kijamaika niliyekaa naye ndio akaniambia ni kimea, wanapika bia hapo. Desemba 2002 kikafungwa, na leo ukienda pale ni nyumba za watu.

Sasa kwanini mpika bia awe na baa? Hapa ndipo mzizi ulipo. Uingereza leseni ya baa ilikua haitolewi ovyo, mahakimu wa leseni walikua wanazibana, kwaiyo baa zenye leseni zikawa chache na mpika bia anaetaka soko la uhakika akaona dawa ni kununua baa zenyewe. Ukiwa na baa, ndani inauzwa bia yako tu, mpangaji wako haruhusiwi kuchukua kwa mwingine hata kama ni bei nafuu. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vyote vikaingia mbio hizo, na Mitchells & Butlers wakawa wakubwa kabisa eneo la Birmingham, nao hawakununua tu, walijenga pia. Ukipata siku ya ofu nenda Aston kaione Bartons Arms, waliijenga 1901, sio yao tena ila jengo lipo. Vigae vya rangi vimepanda kutoka ukutani mpaka kwenye ngazi, vioo vimechorwa, na juu ya kaunta kuna vidirisha vidogo vya kioo vinavyozunguka, mteja wa heshima zake alikua anaagiza kinywaji bila kuonana uso kwa uso na mhudumu. Hata usipoagiza kitu simama tu uangalie. Pesa iliyozama kwenye kuta zile ndio inakuambia hawa watu baa waliichukulia ni mali ya kudumu, sio kibanda cha kuuzia bia.

Miaka ya 1960 viwanda vya bia Uingereza vilikua vinamezana. 1961 Mitchells & Butlers wakaungana na Bass wa Burton upon Trent, yule William Bass alieanza 1777, wenye ile pembetatu nyekundu ambayo ndio alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, 1876. Alafu 1967 wakaungana na Charrington wa London wakawa Bass Charrington, baadae Bass basi. Na hapo ndipo Toby wako anapoingia: yule mzee wa kofia ya pembe tatu kwenye bango la mlangoni kwako alikua alama ya Charrington, jagi la udongo lenye umbo la mzee mnywaji. Kwaiyo kila asubuhi unapita chini ya nembo ya mpika bia wa London ukaenda kufanya kazi kwa kampuni yenye jina la wapika bia wa Birmingham.

Bass akawa jitu. Wewe labda ulikua mdogo ila kaka zako waulize ligi ya Uingereza miaka ya 1990 ilikua inaitwaje, watakwambia Carling Premiership. Ilikua hivo kuanzia 1993 mpaka 2001. Carling ni bia, na mwenye Carling Uingereza wakati huo alikua Bass. Watu wa Magomeni na Eastleigh walikua wanalitaja jina la bia ya hao kila wikiendi bila kujua.

Ukipenda tarehe moja tu ya kukariri katika hii habari yote basi ni 1989. Tume ya serikali iliyokua inaangalia mambo ya ukiritimba ilichunguza biashara ya bia ikakuta viwanda sita vimeshika soko: Bass, Allied-Lyons, Whitbread, Grand Metropolitan, Courage na Scottish & Newcastle. Bass peke yake alikua na baa zaidi ya 7,000. Serikali ikatoa amri kwamba mpika bia mwenye baa zaidi ya 2,000, nusu ya zile zilizozidi 2,000 aziuze au aziachie huru zinunue bia kokote, na mwisho ni Novemba 1992. Piga hesabu ya Bass: ukitoa 2,000 kwenye 7,000 na kidogo unabaki na 5,000 na ushee, nusu yake ni baa kama 2,600 za kuachia ndani ya miaka mitatu.

Nia ya serikali ilikua nzuri, mnywaji apate bia tofauti na bei ishuke. Ila viwanda navyo vilikua na wanasheria. Amri ilimbana anaepika bia NA kumiliki baa, anaemiliki baa tu haimgusi. Kwaiyo wenye akili wakaona njia: tenganisha. Mmoja abaki na bia, mwingine achukue baa. Ndio zikazaliwa kampuni za baa tupu zisizopika hata tone, Punch Taverns, Enterprise Inns na wenzao, na baadhi zikawa kubwa kuliko hata viwanda vilivyovunjwa. Punch alianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kununua baa karibu 1,400 zilizotoka kwa Bass, na alieianzisha anaitwa Hugh Osmond, huyo mweke akilini atarudi. Kwa maoni yangu mimi amri ile ndio kosa kubwa kuliko yote katika biashara hii, sio kwa nia, ni kwa hesabu, kwa sababu waliweka kikomo kwa upande mmoja wakasahau mwingine, na wapangaji wa baa wakatoka mikononi mwa mpika bia aliekua angalau anataka bia yake iuzwe wakaingia mikononi mwa wenye nyumba wenye madeni.

Na wale sita waliishia wapi? Hakuna hata mmoja aliebaki mpika bia mwenye mabaa. Grand Metropolitan 1997 aliungana na Guinness wakazaa Diageo, hao hao ambao kwa miaka na miaka ndio walikua wenye hisa nyingi kwenye kampuni ya Tusker kule Nairobi. Whitbread akauza bia, akauza baa, akakimbilia mahoteli ya Premier Inn na kahawa ya Costa, na Costa nayo akaja kuwauzia Coca-Cola. Scottish & Newcastle walimezwa 2008 na Heineken na Carlsberg wakagawana. Unaona jinsi amri ya kurasa chache ilivotawanya ukoo mzima.

Turudi kwa Bass. Yeye alikua na pesa mkononi na baa zake zimebanwa, kwaiyo akasukuma zaidi upande wa mahoteli. Alishaanza 1988 kuchukua Holiday Inn za nje ya Marekani, 1990 akachukua na zilizobaki, 1998 akaongeza InterContinental. Ile InterContinental ya Nairobi iliyofungwa 2020, jina lake lilikua chini ya ukoo huu. Upande wa baa nako hakulala, alianza kuzipa majina ya kufanana badala ya kila baa kuwa na mambo yake. Harvester alizinunua kwa Forte 1995. All Bar One ya kwanza waliifungua 1994 kule Sutton, kusini ya London, na wazo lake lilikua rahisi tu, madirisha makubwa mpaka chini, ili mwanamke akipita nje aone ndani kuna nani kabla hajaingia, maana baa za zamani zilikua na vioo vya ukungu na mwanamke akiingia peke yake wanaume wote wanageuka. Rafiki yako wa mjini mwambie aangalie yale madirisha, hayakuwekwa kwa urembo.

Mwaka 2000 Bass akafanya kitu ambacho wazee wa Burton walilia: akaiuza bia yote kwa Interbrew wa Ubelgiji, pauni bilioni 2.3. Miaka 223 ya kupika bia ikaisha kwa sahihi. Serikali ikaona Interbrew amekua mkubwa mno, maana mwaka huohuo alishanunua na bia ya Whitbread, ikamlazimisha auze sehemu, ndio Coors wa Marekani akachukua Carling na Cape Hill kwa pauni bilioni 1.2, na ni Coors huyo alieifunga Cape Hill. Jina Bass lenyewe likabaki kwa Wabelgiji, na hao Wabelgiji ndio leo wanaitwa AB InBev, ndio wenye hisa nyingi TBL ya Dar es Salaam tangu walipoinunua SABMiller 2016. Kwaiyo pembetatu nyekundu ya Burton na Kilimanjaro ya kwetu zina tajiri mmoja.

Ukiuza bia na jina la bia linaenda nayo. Kampuni iliyobaki na mahoteli na mabaa ikawa haina jina, 2001 wakajiita Six Continents. Mwaka huohuo wakauza baa ndogondogo 988 kwa benki ya Nomura kwa pauni milioni 625, wakabaki na zile kubwa, zenye viwanja vizuri na maegesho, zinazofaa kuweka jiko. Alafu wakaamua wagawane kabisa, mahoteli njia yake na baa njia yake. Hapo ndipo Hugh Osmond akatokea tena, mapema 2003, anataka kuinunua Six Continents yote kabla haijagawanywa. Alishajua thamani ya zile baa, maana utajiri wake wa Punch ulianza na zilizotoka humohumo. Wenye hisa wakamkatalia, na Aprili 2003 mgawanyo ukapita: mahoteli yakawa InterContinental Hotels Group, na baa zikahitaji jina. Wakaingia stoo ya majina ya ukoo wakalitoa la zamani, Mitchells & Butlers. Hilo ndilo jibu la kichwa cha habari. Jina lilirudi miezi minne tu baada ya kiwanda chenyewe cha Cape Hill kuzimwa, na kampuni iliyolichukua haijawahi kupika bia.

Na tangu siku ya kwanza ilikua tajiri kwa namna moja ya ajabu. Kampuni nyingi za migahawa zinapanga majengo. Hii ilikua inamiliki, mpaka leo zaidi ya asilimia 80 ya maeneo yake ni mali yake au iko kwenye mkataba mrefu wa ardhi. Tena ni baa zinazoendeshwa na kampuni moja kwa moja, meneja ni muajiriwa, wewe ni muajiriwa, faida na hasara ni ya kampuni, tofauti na za Punch ambapo kuna mpangaji anajitafutia. Sasa mali ya namna hiyo inaita wakopeshaji. Novemba 2003 wakakopa pauni bilioni 1.9 kwa njia hii: baa nyingi ziliwekwa kapu moja, na mapato ya kapu yanalipa kwanza wenye hati fungani, yaani waliokopesha, kila robo mwaka, kwa ratiba inayoenda mpaka 2036, ndio kinachobaki kiende kwingine. Sehemu ya hela waliyopata wakawapa wenye hisa. 2006 wakaongeza deni tena. Uzuri wa deni hilo ni riba ya kueleweka na miaka mingi ya kulipa, ubaya wake ni kwamba halijui mvua wala jua, robo ikifika linataka.

2006 ndio mwaka wa fujo. Kwanza wakanunua maeneo 239 ya Whitbread kwa pauni milioni 497, hizo zilikua zile zisizo na hoteli ya Premier Inn pembeni, na ukisikia wazee wa kazi wanakwambia "hapa zamani ilikua Beefeater" au "ilikua Brewers Fayre", ndio hizo. Pili akaja Robert Tchenguiz, mfanyabiashara wa majengo wa London, akataka kununua kampuni nzima kwa peni 550 kwa hisa. Bodi ikakataa. Yeye hakwenda nyumbani, akaendelea kulimbikiza hisa na kusema wazi kwamba majengo yametulia tu, yatengwe na biashara yawekwe kwenye kampuni yake, yakopewe zaidi. Ni lilelile la 1989, tenganisha, safari hii sio bia na baa, ni baa na ardhi yake.

Bodi ikalegea. 2007 wakakubaliana waunde kampuni ya majengo ya nusu kwa nusu na Tchenguiz, baa kama 1,300 ziingie humo, kwa mkopo mkubwa wa benki. Na hapa ndipo palipotokea jambo ambalo nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka. Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Unataka kujenga, benki imesema itakukopesha, unaogopa saruji itapanda, unaenda kwa mwenye hadwea unafunga nae mkataba wa mifuko 5,000 kwa bei ya leo, ikipanda yeye anakulipa tofauti, ikishuka wewe unamlipa. Umesaini. Kesho yake benki inakwambia samahani, hatukopeshi tena mtu. Nyumba hakuna, saruji imeshuka, na mkataba wa hadwea uko palepale. Mitchells & Butlers walifanya hivo kwa riba na mfumuko wa bei. Walisaini kinga, yaani mkataba kama ule wa hadwea, kwanza Julai 2007, mkopo ulikua haujasainiwa, alafu mwezi uliofuata masoko ya fedha ya dunia yakaganda. Mkopo haukuja. Walikaa na ile kinga miezi inazidi kuwala, Januari 2008 wakaifunga kwa hasara ya pauni milioni 274 baada ya kodi. Hakuna sahani moja ya chakula iliyouzwa vibaya, hakuna mpishi alieunguza kitu, ni karatasi tu. Mkurugenzi wa fedha akaondoka, na mkurugenzi mkuu Tim Clarke akafuata 2009. Inaniuma mpaka leo kwa sababu mwaka huohuo wa 2007, Julai mosi, sheria ya kutovuta sigara ndani iliingia England, na baa zilikua zinahitaji kila senti ya kujenga majiko na bustani za nje.

Tchenguiz nae 2008 mabenki yalipoyumba akalazimika kuachia hisa zake. Ila kiti hakikukaa wazi. Aliekua anaokota hisa ni Joe Lewis, kupitia kampuni yake ya Piedmont. Huyu alizaliwa juu ya baa kule Bow, mashariki ya London, akaja kuwa bilionea wa biashara ya sarafu, na mashabiki wa mpira mnamjua kwa sababu familia yake ndio wenye Tottenham. Pembeni yake wakaingia Wairish wawili wa mambo ya farasi, John Magnier na J.P. McManus, kupitia kampuni inaitwa Elpida. Hao nao sio wageni kwenye mpira, ndio waliokua na hisa kubwa Manchester United wakagombana na Ferguson kuhusu farasi Rock of Gibraltar, alafu 2005 wakamuuzia Glazer. Kwaiyo ukiulizwa jikoni nani bosi wa bosi wako, jibu liko Tottenham na Old Trafford ya zamani.

Miaka ya 2009 mpaka 2011 bodi ilikua haitulii kabisa. Mkutano mkuu wa Januari 2010 wenye hisa walimng'oa mwenyekiti Simon Laffin kwa kura, na wenyeviti wakapishana mpaka ukawa huwezi kukariri. 2011 Lewis akatoa ofa ya kuchukua kampuni yote kwa peni 230. Linganisha na 550 za Tchenguiz miaka mitano nyuma, utaona jengo lilelile na jiko lilelile soko linavyoweza kulipima. Bodi ikakataa, akaondoa ofa, ila hisa zake hakuuza.

Katikati ya hayo ilifanyika kazi moja ya maana. 2010 wakauza baa 333, zile za kunywa zaidi kuliko kula, kwa pauni milioni 373, na mnunuzi alikua kampuni mpya inaitwa Stonegate ya mfuko wa uwekezaji wa TDR Capital. Maana yake walikua wamechagua: sisi ni watu wa chakula. 2014 wakanunua baa 173 za Orchid kwa pauni milioni 266, nazo nyingi zilikua za kula. Leo chakula ni zaidi ya nusu ya mauzo yao, kampuni ina maeneo kama 1,700, mauzo ya mwaka 2024 yalikua pauni bilioni 2.6. Kwaiyo usijione mtu wa pembeni kwa sababu hunywi bia. Foleni ile ya Jumapili na sahani mkononi inayosubiri bata mzinga, ng'ombe na viazi vyako vya oveni ndio biashara yenyewe.

Alafu ikaja korona. Tarehe 20 Machi 2020 serikali ikafunga baa zote. Kumbuka lile deni la 2003 lisilojua mvua wala jua: lilikua linataka kama pauni milioni 50 kila robo, na mauzo ni sifuri. Wakafunguliwa, wakafungwa tena, na kufika mwanzo wa 2021 kampuni yenye majengo ya mabilioni ilikua inaishiwa hela taslimu. Hapo ndipo zile pande tatu, Lewis, kina Magnier na McManus, na mwenzao Derrick Smith, wakaunganisha hisa zao kwenye kampuni moja inaitwa Odyzean, na kampuni ikatangaza kuuza hisa mpya za pauni milioni 351 kwa wenye hisa waliopo, wao wakiahidi kuchukua zitakazobaki. Walipomaliza walikua na zaidi ya nusu. Hisa za Mitchells & Butlers bado zinauzwa soko la London, mtu yeyote anaweza kununua, ila kura ya maamuzi iko kwa Odyzean. Kile Osmond alichokitaka 2003, Tchenguiz 2006 na Lewis mwenyewe 2011, mwishowe kilipatikana bila kununua kampuni yote, kwa kuwa mwenye hela siku ambayo wengine hawana. Ukiniuliza walikosea? Hapana, hela iliingia na kazi za watu zilibaki. Ila wenye hisa wadogo ambao hawakua na uwezo wa kuongeza waliona sehemu yao inasinyaa.

Sasa lako la mwisho, ikiuzwa unakua wa nani. Kuna kuuza kwa aina mbili na usizichanganye. Kama wanaobadilika ni wenye hisa, mfano kesho Odyzean wauze zao kwa mtu mwingine, muajiri wako ni yuleyule Mitchells & Butlers, mkataba wako hauguswi na hakuna karatasi ya kusaini. Ndivyo ilivokua 2021, wafanyakazi wengi hawakujua hata kama kitu kimebadilika. Aina ya pili ni kama 2010, baa yako yenyewe inauzwa kwa kampuni nyingine. Hapo inaingia sheria ya Uingereza ya 2006 inayolinda wafanyakazi biashara inapohama, wenyewe wanaiita TUPE, na wewe unahama pamoja na jengo: mshahara uleule, likizo ileile, na miaka yako inahesabiwa tangu siku ulioajiriwa Toby, haianzi sifuri. Muajiri wa zamani anatakiwa awaarifu kabla. Mtu akikuletea mkataba mpya wenye masharti ya chini akakwambia usaini kwa sababu "kampuni imebadilika", usisaini siku hiyohiyo, wapigie Acas, shirika la Uingereza la ushauri wa mambo ya kazi, ushauri wao ni bure na wanakusikiliza hata Kiingereza chako kikiwa cha taratibu. Na slipu zako zote za mshahara tunza tangu ya kwanza, hasa ile yenye tarehe ya kuanza kazi, kama umezipata kwenye simu zipakue uzihifadhi mahali pengine, maana baa ikihama na ule mtandao wa slipu unafungwa.